Hiyo Mahogani Uliuziwa ni Rangi Tu: Jua Mbao Kabla Hujatoa Doh ya Kitanda

Mtaani ukisema "mbao" kila msee anajua ni shilingi 20. Leo tunaongea mbao ile ingine, ile imetengeneza kitanda unalalia, meza unakulia na stuli umekalia ukisoma hii stori. Na hiyo mbao imekula watu doh kuliko hata mechi za wikendi.

Acha nianze na yangu, ju aibu ni yangu.

Vile nilipata kazi ya kwanza ya kuandika inayolipa poa, kitu ya kwanza nilitaka ni kumnunulia mathe kitanda. Mathe hakusema mengi wakati niliacha chuo. Alinyamaza tu, na mathe akinyamaza unajua hiyo ni kelele. Kwa hivyo nilitaka kitanda kiongee kwa niaba yangu. Nikaenda kwa fundi mmoja kando ya barabara, nikaona kitanda chekundu kinang'aa hadi unajiona sura. "Boss, hii ni mahogani safi," akaniambia. "Utaachia wajukuu." Nikatoa thao thelathini na tano bila kubonga sana. Pikapu nikalipa kando, hadi Murang'a.

Mathe alifurahi, hiyo sikatai. Aliweka shuka mpya siku hiyo hiyo. Halafu akainama akaangalia chini ya kitanda, mahali vanishi haikufika, akapitisha kidole gumba kwa mbao. "Baba, uliambiwa huu ni mti gani?" Nikamwambia ni mahogani. Akacheka polepole, ile kicheko hataki ikuumize. "Huu ni mukima. Kama hiyo iko hapo kwa mpaka wa shamba."

Miezi nne baadaye mbao za kando zilikuwa zimepinda, mguu mmoja una ufa, na kila asubuhi kuna unga mweupe umemwagika kwa sakafu kama mtu alikuwa anapika ugali chini ya kitanda. Dudu walikuwa wanakula ganji yangu usiku.

Sasa hapa ndio watu huskiza vibaya. Mukima si mbao mbaya. Mukima imekaushwa vizuri inatengeneza fanicha fiti kabisa. Shida yangu ilikuwa nililipa bei ya mahogani, nikapewa mukima mbichi. Kilichonichoma ni jina, na maji yaliyokuwa ndani ya mbao. Hizo mbili ukizijua, huwezi chomwa kirahisi.

Mahogani ni mti, si rangi

Ukipita pale Ngong Road ama Gikomba, utaskia "mahogani" ikiitwa kila kitu chekundu. Rangi ya mbao inauzwa kwa mkebe. Hata saiprasi ukiipaka inatoka nyekundu kama imetoka msituni Kongo.

Mahogani ya kwanza kabisa kuitwa hivyo hutoka Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Yenye sisi hupata huku ni mahogani ya Afrika, jamii inayoitwa Khaya kwa sayansi, na kwa Kiswahili mti wake ni mkangazi. Kuna binamu wake anaitwa sapele, yeye pia huuzwa kama mahogani. Mzigo mwingi wa mbao hizi unaofika Nairobi hutoka mashariki ya Kongo, unapita Uganda, halafu unaingia kwetu kupitia mipaka ya magharibi kama Busia na Malaba. Sasa hebu fikiria: ukataji, malori, mipaka miwili, vibali, mabroka. Mtu akikuuzia kitanda cha "mahogani" kwa bei ya kitanda cha saiprasi, jiulize nani amelipa hiyo safari yote.

Mbao laini na mbao ngumu

Mafundi hugawa mbao mara mbili. Kuna laini, za miti yenye majani kama sindano ama magamba na inazaa koni, kama paini na saiprasi. Halafu kuna ngumu, za miti yenye majani mapana, kama mvule, mkangazi na mukima.

Tofauti unaiskia kwa mkono. Chukua kipande cha mita moja kwa mita moja kwa mita moja, kikiwa kimekauka. Cha saiprasi kitakuwa karibu kilo 450. Cha mvule karibu kilo 650. Cha mpingo, ile mbao nyeusi ya vinyago, kinapita kilo 1,200, na ndio maana mpingo ukitupwa kwa maji unazama kama jiwe. Kwa hivyo kabla ya kuskiza fundi, inua kwanza. Kiti cha "mvule" kinachoinuliwa na kidole kimoja si cha mvule.

Sasa tupitie moja moja.

Saiprasi. Hii ndio mbao ya mwananchi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ikaletwa huku wakati wa ukoloni, ikapandwa mashamba makubwa ya serikali. Utaijua na harufu yake tamu kali na vile vifundo vya kahawia mahali matawi yalikuwa. Ni nyepesi, inakubali msumari, na bei yake inashikika. Kwa kitanda cha keja ya kwanza, rafu za viatu na kabati ya jikoni, iko sawa. Lakini inakwaruzwa haraka. Ukiburuta sufuria kwa meza ya saiprasi, alama utakaa nayo.

Paini. Ndugu ya saiprasi kwa matumizi. Rangi yake ni njano ya maziwa, mistari yake ni wazi, na ikiwa mbichi inatoa utomvu unaonata. Nyingi hutoka mashamba yetu, na ingine Tanzania, mahali kuna shamba kubwa la miti la Sao Hill kule nyanda za juu kusini. Dudu na mchwa wanaipenda vile sisi tunapenda chipo, kwa hivyo bila dawa usiiweke karibu na udongo.

Mukima, ama grevilia. Asili yake ni Australia. Ililetwa huku ikapandwa kama kivuli kwa mashamba ya kahawa na chai, ikapenda kwetu ikakaa. Ukienda Murang'a, Kirinyaga, Embu ama Meru utaiona kwa kila mpaka wa shamba. Mbao yake ni ya waridi inayoelekea kahawia, na ikipasuliwa vizuri inaonyesha madoadoa yanayong'aa kama hariri. Ndio maana ikipakwa rangi ni rahisi kuidanganyia kuwa mahogani. Shida zake ni mbili. Ikitumiwa mbichi inapinda. Halafu ile sehemu ya nje ya gogo, nyeupe, ina wanga ambao dudu wanatafuta. Fundi akitumia kiini peke yake na mbao iwe imekauka, uko na fanicha ya miaka. Kama wewe ndio unapiga msasa, funika mikono, ju kuna watu inawawasha ngozi.

Mkaratusi, ama bluu gamu. Unakua haraka sana na ndio nguzo nyingi za stima. Ni mzito na una nguvu. Lakini ukikauka unajikunja na kupasuka kama una hasira. Kwa fanicha unahitaji fundi mwenye subira na mbao iliyokaushwa pole pole. Kitanda kizito, bei rahisi, na nyufa zimeanza kuonekana kwa miguu? Mara nyingi ni huyu.

Muuru, ama Meru oki. Huu ni mti wa nyumbani kabisa, unaojulikana hasa maeneo ya Mlima Kenya. Mbao yake ni kahawia ya kijivu, ina mistari mizuri, na haipindi ovyo. Wazee wa miaka hiyo walikuwa na kabati za muuru ambazo hadi leo mlango unafunga bila kusukumwa. Siku hizi ni nadra, na ukiiona jua si ya bei ya mtumba.

Kamfa, ama muzaiti. Hii hata ukiwa umefunga macho utaijua, ju inanukia kama dawa ya kifua. Hiyo harufu ndio inafukuza wadudu, na ndio maana watu walipenda kuitengenezea masanduku ya nguo. Ilikatwa sana misitu ya Mlima Kenya na Aberdare hadi miti mikubwa ikawa ya kutafuta na tochi.

Mvule. Huyu ndio mfalme. Afrika Magharibi wanamwita iroko. Ikipasuliwa ni ya njano, halafu kadri inakaa kwa mwanga inageuka kahawia ya dhahabu. Kiini chake mchwa wanakiogopa, mvua pia haikisumbui sana. Mafundi wanajua siri moja ya mvule: ndani yake kuna wakati unapata vijiwe vigumu vya chokaa, msumeno ukivigonga meno yanaisha. Na mbona haupandwi kama saiprasi? Kuna mdudu mdogo anashambulia miche, anaifanya ivimbe majani na kudumaa, kwa hivyo kupanda shamba zima la mvule ni kazi ngumu.

Mbambakofi. Pwani wanaijua hii vizuri. Ni nzito, nyekundu ya kahawia, na haichezi cheza ikikauka. Ukienda Lamu uone ile milango ya kuchongwa imesimama vizazi na vizazi na chumvi ya bahari ikiipiga kila siku, mingi ni kazi ya mbao kama mbambakofi na mvule.

Msaji, ama tiki. Asili ni Asia. Wajerumani waliileta Tanzania enzi zao, na leo kuna mashamba kama Longuza kule Tanga na Mtibwa kule Morogoro. Mbao yake ina mafuta ya asili, ukiishika unaskia kama ina nta. Ndio maana inatumika kwa mashua na viti vya nje. Bei yake si mchezo.

MDF nayo? Hiyo si mbao ya mti mmoja. Ni nyuzi za mbao zimesagwa, zikachanganywa na gundi, zikafinywa. Iko laini, inapakwa rangi vizuri, na kabati zake zinapendeza kwa picha. Lakini maji ni adui. Kijiji cha mabomba yanayovuja kama keja zetu za huku, MDF ikilowa inafura kama mandazi, na haitarudi vile ilikuwa.

Maji ndio mwizi mwenye hakuna mtu anashtaki

Mti ukikatwa, ndani umejaa maji. Wakati mwingine uzito wa hayo maji ni zaidi ya nusu ya uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Mbao inayofaa kwa fanicha ya ndani inafaa ishuke hadi karibu asilimia 12. Kushuka huko kunachukua wiki kwa tanuri la kukaushia, ama miezi kama inapangwa nje kwa kivuli na vijiti katikati ili upepo upite.

Mbao ikipoteza maji inasinyaa, na haisinyai sawa pande zote. Kwa upana inasinyaa zaidi kuliko kwa urefu. Ndio maana meza inafunguka katikati, droo inakwama, na kitanda kinaanza kulia usiku hadi jirani anagonga ukuta akidhani kuna mengine.

Na tuseme ukweli, si lawama yote ni ya fundi. Sisi wenyewe tunaenda Jumatatu, tunataka kitanda Ijumaa, tunataka mahogani, halafu tunataka kwa bei ya saiprasi. Fundi ako na kodi ya kibanda na watoto wa shule. Ukimwambia akauke mbao miezi miwili na hujampa hata deposti, atanunua mbao mbichi, aipake rangi, na wewe utaondoka ukicheka. Utalia baadaye, lakini atakuwa ashakula.

Pima kabla ya kutoa doh

1. Angalia mahali vanishi haikufika. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya droo. Fundi hupaka mahali unaona.

2. Kwaruza kidogo na funguo mahali pamejificha. Kama chini ya wekundu kuna weupe, hiyo ni rangi. Mkangazi ni mwekundu hadi ndani.

3. Angalia mwisho wa mbao, kama chini ya mguu. Kwa mbao ngumu kama mkangazi na mvule utaona vitundu vidogo vidogo. Saiprasi na paini hazina, utaona tu mistari ya duara.

4. Inua. Uzito haudanganyi sana. Lakini kumbuka mbao mbichi pia ni nzito, kwa hivyo usisimame hapo.

5. Iguse na shavu ama upande wa ndani wa mkono. Mbao mbichi ni baridi kuliko kavu iliyo kando yake. Ukiskia harufu kali ya mti uliokatwa juzi, bado iko na maji.

6. Angalia viungo. Kazi nzuri ina ulimi wa mbao unaoingia kwa tundu, na gundi. Kama ni misumari tu, hata mvule itakuangusha.

7. Tafuta vitundu kama vya pini na unga. Ukiona hivyo, toka hapo. Hakuna bei rahisi ya kununua dudu.

Na kama unaweza, nunua kitanda kabla hakijapakwa rangi. Lipa nusu, kione kikiwa uchi, halafu kipakwe ukiwa umejua ni nini. Fundi wa ukweli hatakataa. Akikataa, hiyo pia ni jibu.

Kuna stori kubwa kuliko kitanda chako

Unaweza sema, "Sawa, mi nina doh, nataka mvule ya ukweli." Poa. Lakini jua inatoka wapi.

Tangu miaka ya 1980, Kenya imekuwa na marufuku ya kukata miti ya kienyeji kwa misitu ya serikali. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji kwa misitu ya umma kabisa, hata ile miti ya kupandwa. Bei ya mbao ikapanda, na mbao kutoka Tanzania, Uganda na Kongo zikawa ndio zinatuokoa. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza marufuku hiyo imeondolewa, na kesi ikafika kortini.

Huko nje pia sheria zimekaza. Novemba 2022, mkutano wa CITES kule Panama, huo ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka jamii za mkangazi, mbambakofi na mninga za Afrika kwa orodha ya miti ambayo mbao zake haziuzwi nje ya nchi bila kibali. Si marufuku, ni karatasi. Maana yake ni kwamba mahogani halali inayovuka mpaka ina makaratasi. Muuzaji akiwa hana hata moja na ako na lori zima, mti huo kuna mahali uliibiwa, na kuna kijiji Kongo kimebaki na visiki.

Hii ndio sababu mimi siku hizi nawaambia mabeshte: usione haya kununua mukima. Miti ya mukima imepandwa na watu wetu kwa mashamba yao. Ukiinunua, doh inaenda kwa mzae fulani Embu analipa karo, si kwa broka wa msitu.

Kwa hivyo ununue nini?

Kama unaanza maisha na mfuko ni mwepesi, chukua saiprasi kavu, uipake vizuri, uitunze. Kama unataka kitu cha kukaa miaka, tafuta mukima ya kiini, iliyokauka, na umlipe fundi muda wake. Kama una keja yako na unataka mlango wa nje wa kustaafu nao, hapo mvule ama mbambakofi yenye karatasi ina maana. MDF wacha ikae mahali maji hayafiki. Na mtu akikuambia "mahogani", usiseme ndio wala hapana. Inama kwanza uangalie chini.

Mimi nilirudi Murang'a mwaka uliofuata. Mathe aliniambia tuangushe mukima mbili za mpaka, zile babu alipanda. Tukapasua mbao, tukazipanga nyuma ya jikoni na vijiti katikati, tukafunika na mabati, tukaziacha hapo miezi saba. Mathe ndiye alikuwa anazigeuza. Fundi wa kijijini akatengeneza kitanda kwa thao nane, ya mikono yake tu, ju mbao tulikuwa nayo. Hakina rangi nyekundu, kimepakwa mafuta tu, na hakilii.

Kile cha kwanza bado kiko, kwa banda la mbuzi. Mathe hukiita "mahogani" wageni wakikuja. Na mimi hunyamaza.